RUNGWA: STIKI NYEPESI NDIYO INAYOFIKA PORINI

Kama hujawahi kushuka Itigi, basi vumbi unalolijua wewe ni la kuigiza tu. Mji huu uko mkoani Singida, kwenye reli ya kati, na ndio mlango wa mtu anayekwenda Pori la Akiba Rungwa kutokea kaskazini. Mimi nilipata lifti kwenye lori la mizigo ya kambi moja ya uwindaji wa kitalii, kwa kuwa binamu yangu ni mpishi huko. Nikanunua chupa ya asali, nikajifunga kitambaa usoni, nikapanda juu ya magunia ya unga. Haya, twende!

Kusini mwa Itigi ni pori tupu. Miti, halafu miti, halafu miti tena. Mbung'o nao wanakungojea kama makonda wa stendi, wanauma hata kupitia shati. Wenyeji wakaniambia nivue haraka fulana yangu ya buluu, maana mdudu huyo anaipenda sana rangi hiyo. Vaa kaki, msomaji wangu, utanishukuru.

Kila baada ya mwendo, miti inaachia na unaona mbuga ndefu ya nyasi. Mwezi wa tisa sehemu kubwa imeshaungua na majani mabichi yanachipua. Hapo ndipo anapotoka pala hala asubuhi kuja kula. Dume lake ni jeusi, pembe zimepinda nyuma kama mapanga mawili. Ukimwona mara moja utaelewa kwa nini watu wanatoka Marekani na Ulaya kumfuata.

Rungwa si pori la jana. Mwaka 1964 kipande chake kilimegwa kikawa Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Leo pori liko chini ya Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori, yaani TAWA, na msimu wa uwindaji wa kitalii unafunguliwa tarehe 1 Julai. Mgeni haingii peke yake. Yuko na mwindaji bingwa mwenye leseni, askari wa wanyamapori, na matraka, wale jamaa wanaosoma nyayo kama wewe unavyosoma gazeti hili. Kumpiga mnyama kutoka kwenye gari ni marufuku. Gari linaachwa, watu wanatembea. Kilometa 10 au 15 kabla ya chakula cha mchana ni jambo la kawaida.

Na hapo ndipo nilipokutana na stiki.

Stiki ni nini? Ni fimbo za kuegemezea bunduki wakati wa kulenga. Kila kambi inazo. Traka wa mbele anazibeba begani, na mnyama akionekana anazifungua kimya kimya mbele ya mgeni. Nilidhani ni kitu cha kubuni tu mpaka mzee mmoja wa Kikimbu, traka wa siku nyingi, aliponiweka chini.

"Shikamoo mzee," nikamwambia, "hivi mtu mwenye darubini kubwa namna ile juu ya bunduki anahitaji fimbo za nini?"

"Marahaba, mjukuu wangu. Darubini inakuonyesha mnyama. Haikushiki mkono."

Maneno hayo niliyaona kwa macho siku ya tatu. Mgeni mmoja alikuja na stendi yake ya chuma ya miguu mitatu, ndefu, ya kupigia ukiwa umesimama. Nzito, bwana! Saa tatu asubuhi akasema imemchosha traka, iachwe garini. Kama saa tano tukalikuta dume la pala hala upande wa pili wa mbuga, mita 150 hivi. Kusimama haiwezekani, mbuga iko wazi na mnyama anaona. Mgeni akakaa chini nyuma ya majani, akaweka kiwiko juu ya goti, akapiga. Dume likaruka, likaingia miombo.

Tulipofika pale, mzee akainama, akagusa damu. Ilikuwa nyeusi, imechanganyika na majani yaliyotafunwa. Akatikisa kichwa. Ingekuwa nyekundu yenye povu, ni mapafu, na mnyama asingefika mbali. Hii ilikuwa ya tumbo.

Tukafuata nyayo mpaka jua linaelekea kuzama. Pala hala aliyejeruhiwa si mbuzi, anainamisha pembe na kukungoja. Na anayetangulia mbele si mgeni mwenye bunduki ya bei mbaya, ni traka mwenye kandambili za tairi. Tulimkuta amelala chini ya mti, bado anapumua, akamaliziwa. Hata kama asingepatikana, mgeni angelipa, maana kwa taratibu za uwindaji huu mnyama aliyejeruhiwa anahesabiwa ameuawa. Lakini saa zile za mateso ya yule dume, nani angezilipa?

Jioni ile motoni ndipo nilipopewa darasa la stiki ya kukalia. Kama una leseni yako, au una jamaa anayewinda, katia mapande haya.

Kwanza, stiki ndefu tatu. Kwa kusimama hakuna kama hizo. Lakini ukizitanua sana ili zishuke usawa wa mtu aliyekaa, miguu inateleza na vichwa vyake vinakuziba macho.

Pili, miguu miwili ya kufunga kwenye bunduki yenyewe, kama ile ya Harris ya Marekani. Ipo mirefu ya kutosha mtu aliyekaa, na inatulia kweli. Ila inakula karibu nusu kilo mbele ya bunduki siku nzima, inanasa kwenye vichaka, na mnyama akihama kulia au kushoto inabidi uinue yote upange upya.

Tatu, fimbo moja. Nyepesi kuliko zote, na unaitembelea kama mkongojo. Inazuia bunduki kupanda na kushuka, lakini pembeni bado inayumba. Ni bora kuliko mkono mtupu, basi.

Nne, na hii ndiyo chaguo la mzee, fimbo mbili fupi zilizofungwa msalaba. Ukikaa, magoti yako yanakuwa miguu mingine miwili, kwa hiyo mguu wa tatu wa stiki ni mzigo wa bure. Za mianzi mikavu au za mkole ni gramu mia chache tu. Za alumini zinagongana "kling!" na mnyama hana habari na wewe tena. Za kaboni ni nyepesi na nzuri, ila jiandae mfuko.

Kipimo chake ni hiki. Kaa chini kama utakavyokaa porini, weka bunduki begani bila risasi, mwenzako apime kutoka ardhini mpaka chini ya ule mti wa mbele wa bunduki. Ongeza shubiri moja na nusu, kwa sababu ya kutanuka na ule msalaba wa juu. Funga kwa ukanda wa mpira wa ndani wa baiskeli, kiasi cha kiganja kutoka nchani, uzungushie mpira hapo bunduki inapolala isitoe sauti. Tengeneza ukiwa nyumbani, maana ndani ya pori la akiba hukati mti kiholela.

Kukaa nako kuna adabu yake. Angalia mbigiri kabla hujaweka makalio! Viwiko vikae upande wa ndani wa magoti, nyama kwa nyama, mfupa juu ya mfupa unateleza. Egemeza mti wa bunduki, usiegemeze mtutu, risasi itakwenda kwingine. Vuta stiki kidogo kuelekea kwako, toa pumzi nusu, ndipo ubonyeze. Ukikosa stiki, kichuguu kinatosha, lakini tandika kofia kwanza, bunduki ikilala juu ya kitu kigumu inaruka.

"Uzito wa fimbo usiupime dukani," mzee aliniambia akichochea kuni. "Upime saa sita mchana, jua la utosi. Fimbo nzito itabaki kwenye gari, na iliyo kwenye gari haijawahi kumsaidia mtu."

Ukienda Rungwa, nenda Julai hadi Oktoba, barabara zinapitika. Beba maji, kofia, na soksi ndefu za kuzuia mbung'o. Ukiwa huwindi, matembezi na traka tu yanatosha kukurudisha umejaa hadithi. Na kama unawinda, mpime kwanza yule atakayetangulia mbele kwenye damu, halafu ndiyo uchague stiki.

Wiki ijayo tukijaaliwa, tunapanda treni kuelekea Tabora. Kaeni salama!