Spana za Inchi

Nilipokuwa mtoto, upande wetu wa Magu unaotazama Ghuba ya Speke ya Ziwa Victoria, Land Rover ilikuwa gari la kazi za watu. Bwana shamba alikuja nayo msimu wa kupanda pamba. Bwana afya alikuja nayo siku za chanjo. Padri alikuja nayo kwa ubatizo, na mkuu wa wilaya akija, watoto tulijua kwa vumbi kabla hatujaliona gari lenyewe. Masika yakikolea, udongo mweusi wa mbugani ukanasa malori hadi ekseli, Land Rover ndiyo iliyoendelea kupita.

Baba alikuwa bwana shamba, na kwa miaka mingi aliendesha magari ya ofisi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 alinunua la kwake mnadani: Series III ya petroli, injini ya lita 2.25, ile ndefu inayoitwa 109 kwa sababu kati ya gurudumu la mbele na la nyuma kuna inchi 109. Ilikuwa imeshachoka kwa kazi za Serikali, na toka siku hiyo ikawa ya kijiji kizima. Ilipeleka magunia ya pamba kwenye ghala la ushirika, ikachukua dagaa mwaloni, ikabeba maharusi, na usiku ikakimbiza wajawazito waliozidiwa hadi Hospitali ya Bugando, Mwanza.

Anayetaka kulielewa gari kama lile lazima aijue miaka yake. Mpaka wa Tanzania na Kenya ulifungwa mwaka 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, na haukufunguliwa hadi 1983. Njia ya Musoma na Sirari, ambayo ingetuletea spea kutoka Nairobi, ikawa haina msaada kwetu. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilimaliza akiba ya fedha za kigeni, wakati huohuo mafuta yakipanda bei duniani kote. Ili kuyaokoa, Serikali ilikataza magari binafsi kutembea Jumapili baada ya saa nane mchana. Nyumbani kwetu saa hizo za Jumapili zikawa za matengenezo.

Baba hakusomea umakanika. Alijifunza kwa kuwatazama mafundi wa karakana ya Serikali, akauliza, akajaribu. Gasketi alizikata kwa mkasi kutoka maboksi magumu. Bushi za springi alizichonga kwa kisu kutoka tairi kuukuu. Bolti ikikatika, mahali pake ilikaa bolti ya plau la ng'ombe. Kaka zangu walimpa spana. Mimi, binti, nilishika tochi. "Mulika hapa, mama," aliniambia kutoka chini ya gari. Nilimulika, na kwa kuwa mwenye tochi lazima aufuate mkono wa fundi popote unapokwenda, niliona yote.

Kisha Mwanza ikabadilika. Mwaka 1984 Serikali iliruhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe za nje, na katika uongozi wa Mzee Ali Hassan Mwinyi, kuanzia 1985 hadi 1995, milango ya biashara ilizidi kufunguka. Ndipo magari yaliyotumika Japani yalipoanza kujaa: Hiace za abiria, Corolla za teksi, baadaye Noah. Gereji za Nyakato na Igoma zikafuata. Fundi kijana akawa na spana namba 10, 12, 14 na 17, zote za milimita, na hizo zinamtosha kwa kazi ya siku nzima. Kifaa kikifa, hutolewa kizima, kikafungwa kingine cha mtumba. Wingi huu wa magari ulitusaidia sana. Safari zilizokuwa za mwenye bahati zikawa za kila mtu, na mgonjwa hakusubiri tena gari moja la kijiji. Lakini ule ujuzi wa kukifungua kifaa kilichokufa, kukijua kilikufa kwa nini na kukirudisha kazini, ulianza kubaki kwa wazee. Baba aliisimamisha Land Rover chini ya mwembe, akaweka mawe mbele na nyuma ya magurudumu, akaifunika turubai. Hakuiuza hadi alipofariki.

Mnunuzi wa chuma chakavu alifika kabla ya arobaini. Alijua anachokitaka. Land Rover ya kwanza ilipozinduliwa mwaka 1948, mabati ya chuma yalikuwa adimu Uingereza baada ya Vita Kuu ya Pili, ndiyo maana bodi yake ilitengenezwa kwa alumini, na utaratibu huo haukuachwa. Alumini hailiwi na kutu kama chuma. Pia huyeyuka kwa urahisi, na huku kwetu mwisho wake huwa sufuria. Kwenye kikao cha familia kaka zangu walipiga hesabu ya kilo. Sikuwalaumu, kila mmoja ana gari lake linalowaka asubuhi. Mimi nikasema nalitaka. Shangazi akauliza mwanamke atalifanyia nini gari bovu. Mama, aliyekuwa kimya muda wote, akajibu kwa niaba yangu: "Aliyeshika tochi ndiye apewe."

Kazi ya kwanza ikawa ya karatasi. Msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na Mahakama ya Mwanzo aliliorodhesha gari, tukaitafuta kadi yake mpaka ikaonekana ndani ya Biblia ya Baba. Kwa yeyote aliyeachiwa gari la zamani, naliweka hili mbele ya mengine yote: kabla ya kununua hata nati moja, pata kadi na maandishi ya mirathi. Gari linaweza kufufuliwa vizuri kabisa na bado lisiwe lako.

Kazi ya pili ilikuwa kumtafuta mtu anayelijua. Kwa kuulizia gereji moja hadi nyingine nilimpata, kule Nyakato, mzee aliyetumikia karakana ya Serikali enzi hizohizo za Baba.

"Mwangaluka, baba," nilimsalimu kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, ng'wanone." Aliposikia habari zangu hakuuliza bei wala mwaka wa gari. Aliuliza, "Ilisimama, au ilisimamishwa?"

Nikamwambia ilisimamishwa. Akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Iliyosimama ni mgonjwa. Iliyosimamishwa imelala tu. Lakini usipige starta. Usiweke hata betri. Twende nikaione kwanza."

Kule Magu alianza na nyundo ndogo. Alilala chini ya gari, akaigonga chesisi kidogokidogo kutoka mbele hadi nyuma, akisikiliza. Chuma kizima hulia. Kilicholiwa na kutu hutoa sauti nzito, iliyokufa. Bodi ya alumini humdanganya mtazamaji, alinieleza, kwa sababu yenyewe inabaki imara huku chesisi iliyoibeba inaoza. Kwetu ziwa halikuwa limeleta madhara makubwa. Maji yake hayana chumvi, na hewa yake si ile ya baharini inayokula magari ya Tanga. Kutu ilikuwa pale tope lilipokaa miaka: kwenye boriti ya mwisho nyuma, kwenye mikono inayobeba bodi, na kwenye sakafu ya miguu ya dereva, ambayo ni ya chuma. Aliweka alama za chaki. Alama zile zikawa ramani ya kazi ya kuchomelea, nami nikajua gharama ilipo kabla sijatoa shilingi.

Injini ilifuata, taratibu vilevile. Tulitoa plagi nne, tukamimina kwenye kila silinda oili iliyochanganywa na dizeli kidogo, tukaiacha ijipenyeze kwenye ringi za pistoni. Injini iliyolala muda mrefu ikizungushwa kwa nguvu ya starta, ringi zilizoshika zinaweza kuvunjika na silinda ikachubuka. Baada ya siku kadhaa tulichomeka hendeli pale mbele, mzee akaniachia mimi. Nilisukuma mbele kidogo, nikairudisha hendeli, tena na tena. Ilipoachia nilihisi mikononi uzito wa pistoni zikipanda na kushuka. Upande wa ndani wa boneti, kwa rangi nyeupe na mwandiko wa Baba, kulikuwa na tarakimu: 1-3-4-2. Ndio mpangilio wa kuwaka kwa silinda. Aliuandika ili asihangaike usiku wa mvua, na mimi nikaunganisha waya za plagi kwa kuufuata.

Hapo ndipo fikra yangu ilipogeuka. Nilikuwa nimekwenda Magu na nia ya kulirudisha gari kama lilivyotoka kiwandani Solihull. Nilikwisha kuona picha za Land Rover za Ulaya zilizofufuliwa, rangi inang'aa, kila nati ya asili. Lakini tulipozidi kufungua, tulizidi kumkuta Baba. Ile bushi ya tairi. Ile bolti ya plau. Kipande cha kopo la mafuta ya kula kilichofungwa kwa waya kwenye bomba la moshi. Ni mkono wa mtu aliyelazimika kufika Bugando kwa vitu alivyokuwa navyo, katika nchi isiyokuwa na spea. Ningeling'oa kila lisilo la asili, ningebaki na gari la kiwanda ambalo sikuwahi kulijua.

Nikamuuliza mzee afanyeje mtu katika hali hiyo. Jibu lake likawa kanuni yangu: chochote kinachohusu breki, usukani, mafuta na umeme, weka kipya au kizima bila kumwonea huruma mtu; kinachobaki kiangalie, kama kinafanya kazi kiache. Breki za gari hili ni za ngoma magurudumu yote manne, na raba za ndani ya silinda zake zilikuwa zimekauka. Zote zikaondoka, pamoja na masta na mabomba yaliyokuwa yameanza kutu. Bushi za tairi zilikwenda, kwa sababu springi ikicheza usukani haushiki njia. Mpira wa petroli ulikwenda. Bolti ya plau ilibaki kwenye bampa, na ile 1-3-4-2 ilibaki kwenye boneti. Fundi wa rangi aliizungushia karatasi asiiguse.

Spana ndizo zilizonifundisha zaidi jinsi mji wetu ulivyobadilika. Nati za Series III ni za inchi. Nusu inchi ni milimita 12.7, kwa hiyo spana namba 13 inaingia, lakini ikicheza. Ukikaza kwa nguvu inakula pembe za nati mpaka inakuwa duara. Tisa ya kumi na sita ni milimita 14.3, na namba 14 haiingii kabisa. Vijana wa gereji, hodari kweli kwa Toyota, walilizunguka gari langu wakitafuta spana ya kulishika. Mzee alisema spana zake za inchi zilikwisha kwa kuazimwa. Ndipo Mama alipolifungua sanduku la Baba lililokuwa ghalani: spana za inchi, zimefungwa kwenye gunia la pamba, zimepakwa grisi, hazina kutu. Baba alikuwa ameweka gari na vyombo vyake mahali tofauti, na vyombo alivitunza vizuri kuliko gari.

Baada ya hapo kazi zilikwenda kwa mpangilio: chesisi ikachomelewa, tangi likasafishwa, kabureta ikafunguliwa na kuondolewa ule utomvu wa petroli iliyooza, pointi za distributa zikasuguliwa na kuachiwa nafasi ya milimita 0.40, tairi za 750 zikafungwa. Rangi ilikuja mwisho, kama mzee alivyoamuru, kwa kuwa rangi humaliza fedha za breki. Injini ilipowaka ilitetemesha bodi nzima, kisha ikatulia.

Tuliileta mjini Mwanza kwa barabara ya Musoma, tukivuka Mto Simiyu na kupita Kisesa. Pale jirani, Bujora, yapo Makumbusho ya Wasukuma yaliyoanzishwa na Padri David Clement, na ndani yake ngoma na vyombo vya watemi vimehifadhiwa visije vikapotea. Nayaheshimu sana makumbusho yale. Gari, hata hivyo, linahitaji hifadhi ya namna nyingine. Likiwekwa tu, raba zinakauka, mafuta yanaoza, pistoni zinashika. Hulindwa kwa kutumiwa, na ujuzi wake hulindwa hivyohivyo, kwa kufanywa mbele ya macho ya anayejifunza.

Kiwanda kilisimamisha utengenezaji wa Defender ya zamani, mrithi wa magari haya, mwezi Januari 2016. Hapa nchini bado yanatafuta riziki: yanapanda milima, yanabeba abiria na mazao, na mwaka 2024 Arusha iliyafanyia tamasha lake. Spea zake zinapatikana kwa mtu anayeuliza. Kinachopungua ni wazee wanaojua kuisikiliza chesisi kwa nyundo. Kwa hiyo siku ninazokwenda Nyakato huwachukua vijana wawili watatu wa mtaani wanaojifunza umakanika, wasichana wakiwemo, nao wanamshikia mzee tochi. Nimewanunulia chaki na daftari waandike anayosema. Tunafungua giaboksi sasa, na hii nayo ina mengi ya kufundisha. Mwenye gari chini ya mwembe, na mwenye mzee wa kumuuliza, asingoje mpaka abaki na kimoja.