Kazi ya Kuweka Gogo

Likizo iliyopita tulipandisha mashua ya mjomba wangu pwani Mikindani ili ipigwe kalafati. Watu walishika kamba, nami nikapewa kazi ya kuweka gogo nyuma ya mashua kila iliposogea, isirudi majini. Niliona nimedharauliwa. Vijana wa rika langu wanavuta, mimi nimewekwa nyuma kama mtoto! Nikanuna, nikasimama kuwatazama. Wakavuta, wakapumzika, na gogo halikuwapo. Mashua ikarudi, ikambana mjomba mguu. Hakunigombeza. Alisema tu, "Mpwa wangu, sote tulikutegemea wewe." Maneno hayo yaliniuma kuliko fimbo.

Tuliporudi shuleni, mwalimu wetu wa Bayolojia alitueleza jinsi seli inavyotengeneza DNA. Kila kipande huja na fosfati tatu. Kinapoungwa na wenzake, fosfati mbili hutoka zikiwa zimeshikana, nazo huitwa pairofosfati. Zikizidi kubaki hivyo, kazi yaweza kurudi kinyumenyume, na kilichoungwa kikaunguliwa. Hapo ndipo kinapoingia kimeng'enya kiitwacho pairofosfatesi. Chenyewe hakiungi kitu. Kazi yake ni kuzitenga fosfati hizo mbili kwa msaada wa maji, na zikishatengana, kurudi nyuma huwa kugumu mno. Wala fosfati hazipotei, maana seli huzitumia tena.

Kumbe na choroko tunazolima huku Kusini zina kimeng'enya cha jamii hiyo, nacho hutumia nguvu ya utengano huo kusukuma chembe za haidrojeni ndani ya seli. Umbo lake lilitangazwa na wataalamu wa Taiwan mwaka 2012. Tena majaribio yaliyochapishwa mwaka 1990 yalionyesha kuwa bakteria aitwaye Escherichia coli akikosa pairofosfatesi, huacha kukua. Vimeng'enya vingine vyote vipo, lakini kazi haiendi mbele.

Niliposikia hayo niliweka kalamu chini. Niliuona mguu wa mjomba.

Jumapili ile nilimwandikia barua kumwomba radhi. Habari za fosfati sikuzitaja. Nilimwambia tu kwamba mguu ukipona, na siku mashua itakapopandishwa tena, naomba nipewe gogo.

Ndugu zangu wanafunzi, yuko miongoni mwetu anayevuta kamba na kusifiwa, na yuko anayezuia isirudi. Ukipewa kazi ya pili, usinune.