Pale Paa Linapogota Ukutani

Niliingia katika kazi ya kupaua mwaka 1997, muda mfupi kabla mvua za El Niño hazijaanza kumiminika mwezi wa Oktoba. Nilikuwa kijana wa kubeba vigae Loresho, Nairobi, nikitoka Kangemi kwa miguu, maana mitaa hiyo imepakana. Msimu ule, nyumba nyingi tulizoitwa kutazama zilivuja mahali pamoja: pale paa la baraza au la gereji linapogota ukuta wa ghorofa. Mzee aliyenifunza kazi alikuwa akisema, “Usiulize maji yameingilia wapi. Uliza fundi wa mawe na fundi wa paa waliachiana wapi.”

Mahali hapo pana dawa yake, fleshingi. Ni bati lililokunjwa. Upande mmoja hulala juu ya vigae, wa pili hupanda ukutani angalau milimita 150, na ukingo wa juu huingia katika mfereji uliokatwa kwenye jiwe, kina cha milimita 25 hivi. Hukazwa kwa kabari, kisha mfereji huzibwa. Paa likiteremka sambamba na ukuta, bati moja refu halitoshi. Tunakata vipande vifupi, kila safu ya vigae na kipande chake, cha juu kikifunika cha chini.

Kukunja bati hujifunzwa upesi. Kupatana na wenzako saiti ndiko kunakochukua miaka. Fundi wa mawe akitangulia kupiga plasta, itabidi niikate. Nikimtangulia mno, jukwaa lake litapinda bati langu, na saruji mbichi ikimwagikia alumini huila.

Katika nyumba moja ya Loresho, mawe ya Mazeras yalibandikwa ukutani kabla sijaitwa. Niliomba safu ya chini ibanduliwe ili fleshingi iingie kwenye ukuta wenyewe. Msimamizi akakataa, akaagiza vijana wazibe kwa silikoni juu ya mawe. Mvua za Aprili zilipita nyuma ya mawe yale, zikashukia chumba cha kulala. Mwishowe safu ile ilibanduliwa, kwa gharama ya mwenye nyumba.

Tangu Sheria ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi ya 2011, mafundi stadi tunasajiliwa, kila mtu kwa ufundi wake. Ni jambo jema, lakini kiungo cha paa na ukuta kiko katikati ya mafundi wawili. Kwa hiyo sipandi na bati kabla sijakaa na fundi wa mawe tukapanga nani anakata mfereji, nani anauziba, na lini plasta inafuata.

Wewe unayejenga, kabla hujamlipa yeyote kati yetu, tusimamishe wote wawili chini ya kiungo hicho, mwagia maji kwa mpira, na usitoe pesa mpaka ukuta wa ndani ubaki mkavu.