Kipando cha Mtu Mrefu wa Rukanga



Anayetoka Mombasa kwenda Rukanga huiacha barabara kuu ya Nairobi pale Maungu, kabla ya kufika Voi, akashika njia ya udongo mwekundu inayoelekea Mlima Kasigau. Mlima huo, wenye kimo cha mita 1,641, umesimama peke yake katikati ya nyika, umejifunika msitu kichwani, na vijiji vimeuzunguka miguuni. Rukanga ni kimojawapo, wala msomaji asikichanganye na Rukinga, ranchi iliyo katika nyika hiyo hiyo. Kina mama wa huko ni wasusi hodari wa vikapu vya mkonge.

Sisi watu wa Pwani tuna historia na mlima huu. Mwaka 1915, katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, Waingereza waliwatuhumu wenyeji wa Kasigau kuwasaidia Wajerumani, wakawahamisha kwa nguvu hadi Malindi. Wengi walifia ugenini, na waliobaki walikaa miaka mingi kabla ya kurudi. Ndiyo maana mzee wa Kasigau akisema kwamba kwenda utakako ni neema, husema neno ambalo babu zake walilijua kwa machungu.

Safari yetu ilikuwa ya jambo la nyumbani. Binti mmoja anayehudhuria darsa letu la kina mama Mombasa alikuwa ameweka akiba ili amnunulie babake baiskeli ya umeme. Baba huyo, mkazi wa Rukanga, ana kimo kinachokaribia sentimita 190, na tangu alipoanguka miaka michache iliyopita nyonga yake ya kulia imekauka. Hutembea kwa mkongojo, tena hatua chache. Boda boda humtia maumivu, kwa kuwa hulazimika kuutupa mguu juu ya kiti. Alikuwa ameacha kwenda shambani, kisha akaacha kwenda kwa nduguye, na mwezi uliotangulia alikosa mazishi ya rafiki yake wa utotoni. Binti alituomba tufuatane naye, kwa maana babake ni mgumu wa kupokea.

Tulianza kwa kipimo, si kwa bei. Mzee alisimama bila viatu, mgongo ukutani. Mwanawe wa kiume akaweka ubao mwembamba kati ya mapaja yake, akapima kutoka hapo hadi sakafuni. Urefu huo wa mguu ndio unaoamua ukubwa wa fremu, wala si kimo peke yake. Mtu mrefu akipewa baiskeli ndogo, magoti hugonga usukani, na fundi hulivuta bomba la kiti juu kupita alama iliyochorwa juu yake. Alama hiyo ni mpaka. Bomba likivutwa kuupita laweza kuvunjika au kuiharibu fremu, na mwenye nyonga mbovu hana mwanguko mdogo.

Lakini urefu una baraka yake. Mtu mfupi akipandisha kiti ili mguu unyooke vizuri kwenye pedeli, huenda asiifikie ardhi anaposimama. Mrefu akipata fremu inayomfaa, kiti chaweza kushushwa kidogo, akakanyaga chini kwa uthabiti akiwa bado ameketi, na mguu usikunjike mno. Na chuma kinachobeba pedeli kikiwa kifupi kuliko kawaida, goti na nyonga hupumzika zaidi.

Hapo ndipo ubishi ulipozuka. Mzee alizoea baiskeli ndefu nyeusi, ile Black Mamba, yenye chuma cha juu kinachotoka kitini hadi usukani. Tulipomwambia kwamba inayomfaa ni ile iliyoinama katikati, inayopandwa kwa kuuvusha mguu chini chini, alikunja uso. "Sheikh," akasema, "mimi nipande baiskeli ya kike mbele ya wajukuu?"

Tulimkumbusha kwamba sala yenyewe, iliyo nguzo, huufuata mwili: asiyeweza kusimama huswali ameketi, na asiyeweza kuketi huswali amelala, na hakuna anayesema kwamba sala hiyo ni ya wanyonge. Iwapo nguzo imelegezwa kwa ajili ya nyonga, chuma cha baiskeli ni kitu gani? Akanyamaza. Aliyemaliza maneno ni mkewe, aliyekuwa akisuka kikapu kibarazani: "Baba Asha, wajukuu wamechoka kukuona umekaa. Panda hata ungo, mradi uende." Mzee akacheka, na tukajua kwamba mlango umefunguka.

Likabaki swali la magurudumu. Baiskeli ya matatu humfaa aliyepoteza mizani, maana haianguki inaposimama. Kwa Mombasa, karakana za Bombolulu, zilizoanzishwa mwaka 1969 kwa ajili ya mafundi wenye ulemavu, ni mahali pa kuulizia vipando vya namna hiyo. Lakini yahitaji njia pana, na kwenye mteremko wa kando au kona ya kasi huweza kupinduka. Vijia vya Rukanga ni vyembamba na vimekatwa na maji ya mvua. Mizani ya mzee ilikuwa nzima, basi tukachagua mbili.

Pikipiki ya umeme nayo ilitajwa. Rais aliizindua mpango wake Mombasa mwezi Septemba 2023, na mjini imeshika kasi. Lakini ni nzito, nyingi zategemea kituo cha kubadilishia betri, na yataka leseni, usajili na bima. Tena kiti chake ni kile kile kinachodai mguu urushwe juu.

Kuhusu mota, wapo wanaotengeneza baiskeli inayosaidia pale tu unapopiga pedeli. Kwa mwenye nyonga iliyokauka, kazi ngumu kuliko zote ni ile duru ya kwanza, kutoka kusimama. Basi achague yenye kishikio cha kusokota, kinachoiondoa baiskeli kabla mguu haujafanya kazi. Mota iliyo ndani ya gurudumu la nyuma ni rahisi kwa bei, ila pancha ikitokea, gurudumu hutoka kwa tabu. Huko miiba ya migunga ni mingi, na baiskeli yenye kilo 20 na zaidi haisukumwi na mtu wa mkongojo. Tairi ziwe nene, na ndani ziwekwe dawa ya kuziba matundu.

Betri nayo ina hesabu nyepesi. Zidisha volti kwa saa za ampea zilizoandikwa juu yake: volti 36 kwa 10 ni 360. Gawanya kwa 15, ambayo ni makadirio ya tahadhari kwa kila kilomita, utapata kilomita 24. Kwa mtu mzito, mchanga na mlima, punguza tena. Inatosha kwa shamba, duka na nyumba ya ndugu, kwenda na kurudi. Haitoshi kwa Maungu. Isiachwe juani, wala isichajiwe usiku karibu na mlango watu wakiwa wamelala.

Mambo mawili ya mwisho tuliyapata kwa mama wa nyumba. Kwanza, mkongojo utakaa wapi? Asiyeweza kutembea bila fimbo hufika akawa mfungwa penye kituo chake, hivyo fundi atafunga kishikio cha fimbo kwenye fremu. Pili, ndovu. Rukanga iko kati ya Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi, na wanyama hao hupita. Kipando cha umeme hakina mngurumo wa kuwatahadharisha. Basi aende mchana tu, mwenye kengele, na arudi kabla ya Magharibi.

Mzee alikubali kwa sharti moja, kwamba aijaribu kabla fedha haijatoka. Ni sharti la haki, nasi twawausia kina mama na mabinti wanaowanunulia wazazi wao: msinunue kwa picha. Mpeleke mzazi dukani, apande, ashuke, asimame, ashuke tena, kwa maana wengi huanguka katika kupanda na kushuka. Na mkimpimia, mpimieni kwa upole, asijione mzigo unaotafutiwa gari, bali baba anayerudishiwa njia yake.

Mwenyezi Mungu awape wagonjwa wetu shifaa na wazee wetu nguvu. Wabillahi tawfiq.