Bushi Nane za Hilux

Hapa Kakuma gari huzeeka mapema. Laga zinakatiza njia, na mvua ikinyesha mbali huko juu, maji ya Tarach yanatufikia hata kama kwetu jua linawaka. Yakishapita, mahali jana palikuwa mchanga leo pako na mawe. Dereva anaingia, anatoka, anaendelea na safari. Lile pigo linapokelewa na tairi, halafu shokapu, halafu vipande vidogo vya raba ambavyo abiria hata hajui kama viko. Gereji tunaviita bushi.

Mimi ni mhudumu wa vijana, si fundi wa cheti. Kazi yangu ni kukaa na vijana wa kozi ya magari, kuwatafutia vifaa, kuwatetea kwenye mikutano, na kuwauliza kwa nini jana hawakuja. Ufundi nimeuokota hapo hapo, nikishika tochi. Vijana wetu wanasomea kwenye injini moja iliyofungwa juu ya stendi. Haijawahi kwenda popote. Wanajua jina la kila nati, lakini gari inayogonga barabarani walikuwa hawajaigusa. Wakimaliza wanapewa karatasi, wanaenda nayo mjini, wanaulizwa: umetengeneza gari gani? Wananyamaza.

Ndiyo maana ile Hilux ilipokuja niliishikilia kwa maneno yote niliyokuwa nayo. Ni pikapu ya zamani, ya mwisho wa miaka ya tisini, ile yenye tosheni baa mbele. Mwenyewe ni mzee Mturkana wa hapa Kakuma. Inabeba saruji, mbuzi, timu za mpira, wakati mwingine maiti, na usiku kuna mama wengi wamefikishwa hospitali nayo. Ilikuwa inagonga ko-ko-ko ukishika breki, usukani unavuta kushoto, na tairi za mbele zimelika upande wa ndani tu. Mzee alituangalia akasema, "Hawa watoto wa wakimbizi wataniulia gari." Nikamwambia, "Mzee, kuangalia ni bure."

Waliangalia vizuri. Mmoja alikaa ndani akikanyaga breki, wengine wakaisukuma mbele na nyuma, na dada mmoja Mrundi akalala chini na mtaimbo. Alipoupenyeza kati ya chesisi na ule mkono wa chini wa tairi, ambao mafundi wanauita loa amu, mkono ulihama kama jino bovu. Raba ilikuwa imepasuka na kutoka nje. Ile gari, kila upande wa mbele una loa amu na apa amu, na kila amu ina bushi mbili. Kwa hiyo bushi ni nane. Na loa amu ya kushoto yenyewe ilikuwa imepinda, ya kubadilisha nzima.

Spea hazipatikani hapa. Zinatoka Kitale, na sisi bila kibali hatuvuki kizuizi cha kwanza. Mzee alienda mwenyewe. Vijana walimpa vipimo kwenye karatasi, kipenyo cha nje, cha ndani, na urefu, maana wauzaji wengine ukisema Hilux tu wanakupa bushi ya Hilux yoyote. Alirudi na bushi zenye vipimo vilevile. Nafikiri siku hiyo ndiyo alianza kutuona kama watu.

Kufungua kulichukua siku nzima. Gari ilikaa kwenye stendi mbili, na tairi mbili za akiba zikawekwa chini ya chesisi, kwa sababu jeki peke yake haiaminiki. Tosheni baa ni fimbo ya chuma inayojipinda badala ya springi, na ndani yake kuna nguvu imelala. Kabla ya kuilegeza walipima nyuzi za bolti yake zilizobaki nje, ili gari irudi na kimo chake. Bolti za loa amu nazo zina vibati vya duara ambavyo tundu lake liko pembeni. Ukizizungusha, tairi inahama. Walizichora alama kwa tindo kabla ya kugusa nati.

Kutoa bushi kuukuu, wengi huzichoma moto. Mimi nilikataa, ule moshi sitaki mtoto wa mtu auvute. Walitoboa raba, wakakata ganda la chuma kwa msumeno, polepole wasikwaruze tundu. Presi hatuna. Walichukua bolti ndefu, nati, vipande vya bomba na washa nene, wakakaza spana mpaka bushi mpya ikaingia imenyooka. Kijana wa Sudan Kusini aliyebuni hiyo alikuwa ametoroka darasa wiki mbili nzima!

Halafu ugomvi. Amu zote zimerudi, bolti zimeingia, jua linazama. Dereva wa mzee, mtu wa miaka mingi barabarani, akasema kazeni sasa, gari ingali juu, nafasi ipo. Yule dada akasema hapana. Dereva akacheka. "Dada, mimi nimeendesha kabla hujazaliwa."

Alimjibu kwa heshima lakini hakurudi nyuma. Alichukua bushi kuukuu akamwonyesha. Watu wanadhani bushi inazunguka kama bawaba ya mlango. Haizunguki. Ganda la nje limebanwa ndani ya amu, bomba la ndani linabanwa na bolti, na raba iliyogandishwa katikati ndiyo inayojipinda amu ikipanda na kushuka. Ukikaza tairi ikiwa inaning'inia, raba inajua hapo ndipo nyumbani. Ukishusha gari, inakaa imejikunja mchana na usiku, hata ikiwa imepaki. Haichukui muda inachanika, na mzee anarudi Kitale na pesa nyingine. Kwa hiyo unazishika tu kwa mkono, unashusha gari ibebe uzito wake, unaitikisa ikae, ndipo unakaza.

Shida ni kwamba ikiwa chini nafasi ya mtu hakuna. Waliendesha tairi zote nne juu ya mbao zilizopangwa, wakazuia kwa mawe, dada akajisukuma chini kifua kikigusa chesisi. Alikaza bolti moja baada ya nyingine akiwa na tochi mdomoni. Dereva ndiye alikuwa anampa spana.

Mashine ya alaimenti hatuna, tukanyoosha tairi kwa kamba na futi, na mzee akaambiwa asiache kupitisha gari kwenye mashine akifika Kitale. Alipita. Miezi mitatu sasa, tairi mpya zinalika sawasawa. Alilipa, si kidogo, na wiki iliyopita ameleta Probox ya shemeji yake.

Nyinyi wa mashirika mnaosoma hapa, orodha ya vifaa vya mwaka kesho najua iko mezani. Mwaka huu tuliletewa fulana zenye nembo. Tunaomba spana ya kupimia nguvu ya kukaza, moja tu, na presi ndogo ya mkono. Ile bolti ndefu nyuzi zake zimeanza kuisha, na Probox iko na bushi nne zinangoja.