Sauti ya Mtang'ata

Tangu Ubongo Kids ianze kuonyeshwa mwaka 2014, watoto wetu wamezoea wanyama wa katuni wanaofundisha hesabu kwa Kiswahili. Likizo iliyopita mpwa wangu, aliyekuwa akijifunza kazi ya kuchagua wasemaji wa katuni kama hizo, alinialika niketi naye. Nilifurahi kama mtoto!

Mvuvi mmoja mzee wa Tongoni alisoma maneno ya kobe, akiyavuta taratibu kwa lafudhi ya Kimtang'ata. Wakubwa wakamkataa, eti si sanifu. Kiunguja kilichaguliwa kuwa msingi wa usanifu mwaka 1928, huko Mombasa, lakini lafudhi nyingine hazikuhukumiwa kufa.

“Mjomba,” binti akaniuliza, “kobe huyu kazaliwa wapi?”

“Pwani, mwanangu.”

Akaliandika upya jina la mzee, akarudi kwa wakubwa.