Mpapai Dume wa Bibi

Nilikuwa kidato cha tatu nilipoukata mpapai dume wa bibi, na niliukata kwa raha zangu zote. Kwetu ni Korogwe, jirani na barabara kuu, na bibi alikuwa anawauzia mapapai abiria wa mabasi. Kwenye kishamba chake kulikuwa na mipapai 12. Mmoja haukuwahi kuzaa. Kazi yake ilikuwa kuning'iniza vishada virefu vya maua meupe na kuyapukutisha. "Huo unakula mbolea bure," babu akasema. Majirani walishakata ya kwao zamani. Nikachukua panga.

Msimu uliofuata maua ya ile mingine yalitoka, yakanyauka, yakadondoka. Matunda machache yaliyoshika yalikuwa madogo, na ukiyapasua ndani hakuna hata mbegu. Maneno yakaanza: mipapai imerogwa, mipapai imezeeka, mipapai ni tasa. Jirani mmoja akatuletea misumari tuipigilie kwenye mashina. Panga hakuna aliyelitaja, hata mimi niliyelishika.

Jibu nilikuja kulipata hapa chuoni, mwaka wa pili, kwenye kipindi cha botania cha saa nane mchana, ule muda ambao nusu ya darasa imelala. Lekchara alichora ua la mpapai jike lenye ovari na stigma juu yake, akachora na la dume lenye stameni zilizojaa chavua. Akasema iko mipapai yenye jinsia zote mbili kwenye ua moja, lakini mingi ya vijijini kwetu ama ni dume ama ni jike. Jioni nondo wakubwa hupita ua hadi ua wakibeba chavua. Chavua ikitua kwenye stigma huota, ikateremsha mrija mwembamba mpaka kwenye ovyuli. Mrija huo hubeba gameti mbili za kiume. Moja huungana na yai, ndicho kiinitete. Ya pili huungana na viini viwili vya katikati, ndicho chakula cha mbegu. Na kila mbegu inahitaji chavua yake. Zile mbegu nyeusi mia kadhaa tunazokwangua kwa kijiko na kutupa, kila moja ilifikiwa na chavua yake peke yake.

Jamani, niliganda. Kumbe jike hakuwa na kosa lolote.

Kilichoninyima usingizi usiku ule haikuwa mipapai. Shangazi yangu alirudishwa nyumbani baada ya miaka sita ya ndoa kwa sababu hakupata mtoto. Ukoo ulikaa kikao. Aliyeulizwa maswali ni yeye, aliyezungushwa kwa waganga na hospitali ni yeye. Mume hakupimwa hata siku moja. Najua binadamu si mpapai, na sijui tatizo lilikuwa la nani. Hilo ndilo linaloniuma: hakuna aliyetaka kujua.

Likizo nikamsimulia bibi. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kwa hiyo mrogi ni wewe." Nikamjibu, "Ni mimi, bibi." Akacheka mpaka akajifuta machozi.

Tulipanda upya, miche mitatu kila shimo, kwa sababu huwezi kujua dume na jike mpaka maua yatoke. Yalipotoka tukapunguza, tukaacha dume mmoja nyuma ya jiko. Babu huupita kila asubuhi bila kusema kitu. Mwaka jana bibi alianza tena kuuza, na nauli yangu ya kurudi chuoni ilitoka humo, maana bumu lilikuwa limechelewa kama kawaida.

Shangazi naye nilimsimulia. Yeye hakucheka. Aliuliza tu, "Hayo mnafundishwa wote, wavulana na wasichana?"

"Wote, shangazi."

"Basi mkioa mkumbuke," akasema, akarudi kuchambua mchele.